Bunduki Kuukuu ya Elisée

Siku Elisée Mutambala alipoiona bunduki ile, kitu pekee alichokuwa akikitafuta ni mahali pa kukaa. Magoti yalikuwa yanamuuma. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mbili, na kumi na tisa kati ya hiyo alikuwa ameipitisha amesimama getini, kwenye ghala moja la mizigo huko Midrand, akiinua na kuteremsha kizuizi kwa ajili ya malori. Asubuhi hiyo msimamizi wake alimtuma pamoja na dereva wa kampuni wapeleke bastola mbili za kazi zikakaguliwe kwenye duka la silaha upande wa kusini wa Johannesburg, si mbali na Rosettenville anakoishi.

Mwenye duka, Teixeira, ni Mreno mzee aliyezaliwa Beira. Alizipokea bastola, akaingia nazo chumba cha nyuma, akawaambia wangoje. Kiti hakikuwepo. Dereva akarudi garini. Elisée akaegemea kaunta, akainua macho ukutani.

Ilikuwa kwenye ndoano ya mwisho, bunduki fupi ya kitako cha mbao nyeusi iliyochubuka. Chini ya kifyatulio ilikuwa na mkono wa chuma wenye tundu la kuingiza vidole. Mkono huo unausukuma chini, unaurudisha, ganda linatoka na risasi nyingine inapanda yenyewe. Elisée aliijua kabla hajaulizia.

Teixeira aliporudi alimkuta bado ameitazama.

"Ya mwaka gani ile?"

"Elfu moja mia tisa na sita."

"Inapiga?"

"Inafanya kazi kuliko mimi na wewe," Teixeira akasema. "Mwenyewe alikufa, watoto wake wakaniletea hapa. Ina miaka mitatu ukutani. Watu siku hizi wanataka za plastiki."

Elisée aliomba aishike. Mzee aliiteremsha, akaifungua kuhakikisha ni tupu, akampa. Uzito ulikuwa uleule. Hata ubaridi wa chuma chini ya vidole vitatu ulikuwa uleule. Akaurudisha mkono ule mahali pake polepole, ukalia kidogo.

"Baba yangu alikuwa na moja kama hii," akasema.

Kwa muda wa wiki tatu aliifikiria akiwa getini. Halafu Jumamosi moja akarudi dukani bila dereva na bila bastola, akauliza kama mtu kama yeye anaweza kuinunua. Teixeira akamwuliza kuhusu karatasi zake. Elisée alikuwa amepanga foleni miaka kumi na minne kuongezewa muda wa karatasi ya ukimbizi, mpaka mwishowe akapewa ukaazi wa kudumu. Cheti cha kujua kutumia silaha alikuwa nacho kwa ajili ya kazi, ingawa angelazimika kufanya mtihani mwingine wa bunduki ndefu.

"Basi unaweza," Teixeira akasema. "Utalipa, mimi nitakaa nayo hapa mpaka polisi wakupe leseni. Lakini usiwe na haraka. Hawa watu wana mwendo wao."

Elisée akalipa kwa malipo ya likizo ambayo hakuwahi kwenda.

Mkewe, Angélique, anasuka nywele katika saluni ya Wakongo karibu na nyumbani, naye hushinda amesimama kutwa. Jioni hiyo alikuwa anakoroga bukari, ugali wa kwao, aliposikia habari.

"Baba Shekinah, umenunua nini?"

"Bunduki."

"Ya kazi?"

"Yangu mwenyewe."

Angélique akazima jiko. Bukari ilikuwa haijaiva, lakini alizima.

"Mimi nilitoka Uvira na kiatu kimoja cha kwangu na kimoja cha dada yangu, sababu ya bunduki. Nimetembea nchi nne. Leo unataka bunduki ilale mu chumba yangu?"

"Ni ya zamani. Ni ya kulenga karatasi tu."

"Karatasi imekukosea nini?"

Elisée alivuta kiti. Alikaa, akavua viatu vya kazi, akavisukuma chini ya meza. Angélique alimngoja aseme. Alipoona hasemi, akawasha tena jiko na kumalizia kukoroga, akapakua.

Alifanya mtihani, akafaulu. Mwenye nyumba alikubali ukuta wa chumba chao utobolewe, na sefu ndefu ya chuma ikafungwa kwa boliti nyuma ya mlango, mahali ambapo Angélique alikuwa akitundika makoti. Alijaza fomu. Palipoulizwa sababu ya kutaka silaha, aliandika: kulenga shabaha. Akaacha alama za vidole, akarudi getini.

Baada ya miezi miwili alikuja sajini wa polisi, mama wa makamo aitwaye Nkabinde, kukagua nyumba. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha panda ngazi nyingi siku hiyo. Aliivuta sefu kwa mkono mmoja, ikakataa kutikisika, akaridhika. Kisha akamwomba Elisée atoke nje kidogo, kwa sababu sheria inataka mke aulizwe peke yake.

"Anakupiga?" akamwuliza Angélique.

"Hapana."

"Anakunywa?"

"Maji na chai."

"Unamwogopa?"

"Yeye simwogopi. Hiyo bunduki ndiyo naiogopa."

Sajini akaandika. "Kwa nini anaitaka?"

"Sijui," Angélique akasema. "Nimemwuliza, hasemi. Labda wewe atakuambia."

Sajini akaandika hilo pia, akanywa maji aliyopewa, akashukuru, akaenda zake. Mlangoni alimpungia Elisée mkono bila kumwuliza kitu.

Jibu lilikuja mwezi wa nane. Ombi limekataliwa kwa kuwa mwombaji hakueleza sababu ya kutosha, na ana siku tisini za kukata rufaa. Elisée aliisoma barua getini, mara mbili, lori likimpigia honi. Aliikunja, akainua kizuizi.

Nyumbani aliiweka mezani. Binti yao Shekinah, msichana wa miaka ishirini na mmoja, alikuwa amekaa hapo na kompyuta yake akifanya kazi ya chuo. Shekinah alizaliwa Johannesburg. Kiswahili anakisikia chote, lakini anajibu kwa Kiingereza, na akiwa na rafiki zake ni Kizulu.

"Wamekataa," Elisée akasema.

Angélique akaisoma. "Mimi niliwaambia ukweli."

"Najua. Sikulaumu."

"Sasa niambie mimi." Akavuta kiti, akakaa mbele yake. "Achana na leseni. Tangu tuoane kule Lusaka ni miaka ishirini na minne, na sijakusikia hata siku moja unataka kitu. Koti nakununulia mimi. Viatu nakununulia mimi. Kitu cha kwanza unataka mu maisha ni bunduki. Kwa nini?"

Elisée aliitazama mikono yake. Alikuwa amechoka, na labda uchovu ndio uliomfungua mdomo, kwa maana kuendelea kunyamaza nako kulikuwa kazi.

Akawaambia kwamba baba yake, Mzee Mutambala, alikuwa mwindaji kule Baraka, katika Fizi. Alifanya kazi kwa Mgiriki mmoja mnunuzi wa pamba, na Mgiriki alipoondoka alimwachia bunduki yake, ya aina hii ya mkono wa chuma. Mzee aliilinda kuliko kitu chochote. Alifukuza nayo ngiri na nyani kwenye mihogo, na watu wa vijiji vya jirani walikuwa wakija kumwomba awasaidie. Vita vilipokaribia, mwaka wa tisini na sita, akaifunga kwa gunia na kuifukia chini ya ghala la mihogo. Aliyemsaidia kuchimba ni Elisée.

"Wakaja," Elisée akasema. "Walikuwa saba. Wakamlaza baba uani, kifudifudi. Mtu alikuwa amewaambia ana bunduki. Wakamwuliza iko wapi, akasema hana. Wakampiga. Akasema hana. Wakampiga tena. Mmoja akanigeukia mimi akasema, nahesabu mpaka tano. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, si mtoto. Hakufika tano. Alifika mbili. Nikanyoosha kidole."

Shekinah alikuwa ameacha kuandika.

"Wakaifukua. Wakaichukua, wakachoma nyumba, wakaenda. Baba akainuka, akajipangusa vumbi, akaniangalia. Halafu tukaondoka. Tulitembea mpaka ziwani, tukavuka mpaka Kigoma, tukakaa kambini miaka miwili. Akafia pale. Jambo lile hakulitaja hata mara moja. Na mimi sikumwuliza."

Angélique akaweka mkono juu ya barua, kana kwamba upepo ungeichukua.

"Miaka yote hiyo hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Kwamba nilimuuza baba kabla ya kufika tatu?"

Shekinah ndiye aliyezungumza baada ya hapo, kwa Kiingereza chake, sauti ya chini. "Papa, hii ndiyo sababu. Kwa nini hukuwaandikia hii?"

"Kwenye fomu kulikuwa na mstari mmoja tu," Elisée akasema.

Barua ya rufaa aliiandika Shekinah. Ilimchukua Jumapili tatu, kwa sababu kila alipoandika sentensi alikuwa na swali. Babu alikuwa mrefu? Ghala lilijengwa kwa vitu gani? Nyinyi watoto mlikuwa wangapi? Elisée alijibu akiwa amefumba macho, miguu imo ndani ya beseni la maji ya chumvi. Mengine alikuwa hajayasema kwa mtu yeyote, na mengine hakuyajua kabisa, akasema hajui. Angélique alikuwa anapita pita na vyombo, lakini Elisée aliona kwamba sahani moja aliifuta mara nne.

Teixeira naye alimwandikisha katika klabu ya watu wanaotunza na kupiga bunduki za zamani, akampa barua ya klabu. "Weka hii juu," akasema, "na ile ya binti yako chini yake. Ya klabu ni ya sheria. Ya binti ni ya yule atakayesoma."

Miezi saba ikapita. Mwezi wa nne simu ya Elisée ililia akiwa kazini. Alikuwa Sajini Nkabinde.

"Njoo uchukue kadi yako," akasema. Halafu akasita. "Na nimeisoma ile barua. Binti yako anaandika vizuri."

"Asante, mama."

"Sharp," sajini akasema, kama watu wa Johannesburg wanavyoagana, akakata simu.

Angélique hakupinga tena, ila aliweka sharti. "Siku utakapoipiga, nitakuja. Nataka kuona kwa macho yangu."

Walikwenda Jumamosi moja ya mwezi wa sita, asubuhi ya baridi kali, majani yote ya njano na makavu. Shekinah aliendesha gari la rafiki yake. Uwanja wa shabaha uko nje ya jiji upande wa kusini, unapita vilima vya udongo wa migodi, unaingia barabara ya vumbi. Walikuta watu wanane au tisa, wengi wao wazee, Teixeira akiwa mmoja wao, wamejifunga skafu na wameshika vikombe vya kahawa, kila mmoja na bunduki yake kuukuu mezani. Msimamizi wa uwanja siku hiyo alikuwa Nassir, mwalimu mstaafu wa kutoka Lenasia, mwenye sauti ya upole. Akawapa wageni vizibo vya masikio, akawaonyesha mstari wa kutovuka.

Elisée alitia risasi tano. Alisimama kama alivyofundishwa, akabana kitako begani, akalenga karatasi iliyobandikwa mbele ya tuta la udongo. Akafyatua.

Bunduki ilimpiga begani. Vumbi likaruka kwenye tuta, mbali kushoto kwa karatasi. Akausukuma mkono wa chuma, ganda likaruka na kuanguka karibu na kiatu chake, likitoa moshi kidogo.

Alikuwa amengoja mwaka mmoja na zaidi kwa ajili ya mlio huo, na moyoni alikuwa amengoja muda mrefu kuliko huo. Alidhani kwamba ukilia, kitu kitakuja. Pengine uso wa baba yake, au sauti yake, au hata hasira yake. Hakuja mtu. Ilikuja harufu ya baruti, na bega likaanza kuuma. Akapiga ya pili, ikagusa ukingo wa karatasi. Kabla ya kupiga ya tatu akajaribu kukumbuka jinsi mzee alivyokuwa akilenga. Alikuwa anafumba jicho gani? Alikuwa anapumua kwanza au anashikilia pumzi? Elisée alisimama pale bunduki ikiwa begani, akatambua kwamba hakumbuki hata kama baba yake alitumia mkono wa kulia au wa kushoto.

Akapiga ya tatu, ya nne na ya tano haraka haraka ili amalize. Moja iliingia ndani ya duara. Akaiweka bunduki mezani ikiwa wazi, akakaa kwenye benchi.

"Kwa mtu anayeipiga mara ya kwanza, umepiga vizuri," Nassir akamwambia.

"Asante, bwana." Alijaribu kutabasamu.

Angélique alikuwa amesimama nyuma ya mstari muda wote, mikono ndani ya koti, kilemba kimesukumwa juu kupisha vizibo. Kila mlio ulipotoka mabega yake yalipanda. Sasa akasogea mezani.

"Na mimi nataka," akasema.

Elisée akamwangalia. Shekinah akasema, "Mama, are you sure?" Teixeira akamtazama Nassir, na Nassir akasema inawezekana, mradi yeye mwenyewe asimame kando yake. Akamtilia risasi moja. Akamwonyesha pa kushika, akamrekebisha kiwiko, akarudi nyuma hatua moja.

Angélique alichukua muda. Wale wazee waliweka vikombe chini. Akafyatua, akarudishwa nyuma nusu hatua na kishindo, na karatasi ikatikisika. Kulikuwa na tundu, chini, upande wa kulia, lakini ndani ya karatasi.

Aliiteremsha bunduki taratibu, akaiweka mezani jinsi alivyoona mumewe akiiweka.

"Kumbe ni hii tu," akasema.

"Nini?" Elisée akauliza.

"Hii kelele. Nimeikimbia toka nikiwa msichana. Leo nimekuwa nyuma yake." Akafikiri kidogo. "Ukiwa nyuma yake ni kishindo tu."

Kisha akarudisha mikono ndani ya koti haraka. Elisée alimwona. Akampisha nafasi kwenye benchi, wakakaa wawili. Shekinah aliinama akaokota maganda yote sita, akampa Nassir.

Kesho yake, Jumapili baada ya ibada, Elisée alimpigia simu mdogo wake Jean-Claude, aliyerudi Kongo baada ya kambi na sasa anaishi Kalemie. Alikuwa ameamua hivyo akiwa kwenye benchi lile. Walisalimiana, wakaulizana habari za watoto, halafu Elisée akasema:

"Unakumbuka ile siku walikuja nyumbani?"

"Nakumbuka, yaya," akasema, akimwita kaka kama walivyoitana nyumbani.

"Ni mimi niliwaonyesha bunduki."

Kule Kalemie jogoo aliwika, na mtu akapita na pikipiki.

"Bunduki gani?" Jean-Claude akauliza.

"Ya baba. Ya Mgiriki."

"Aa, ile. Mimi nakumbuka mbuzi. Walichukua mbuzi wote, na yule mweupe alikuwa na mimba."

"Baba hakusema na mimi tena baada ya pale."

"Yaya, baba hakusema na mtu. Kule kambini wewe ulikuwa unatoka asubuhi kwenda kutafuta kuni na vibarua, unarudi jioni, hukuona. Sisi tulikuwa naye mchana kutwa. Mama alikuwa anamwuliza kitu, anajibu na kichwa. Kitu alikuwa anakitaja ni mlango tu. Ule mlango wa mvule, alioutengeneza kwa mikono yake. Uliungua na nyumba. Kila asubuhi, 'mlango wangu, mlango wangu.' Bunduki sijamsikia hata mara moja."

Elisée aliihamishia simu sikio la pili.

"Umekaa na hiyo miaka yote?" mdogo wake akauliza.

"Ndiyo."

"Pole sana, yaya. Lakini hata ungenyamaza, nadhani mimi ningesema. Nilikuwa karibu kusema."

Waliongea kidogo kuhusu mvua na bei ya samaki, wakaagana. Elisée akabaki amekaa na simu mapajani. Angetaka kufurahi, na pengine furaha ilikuwepo mahali fulani, lakini alichokisikia zaidi ni kitu kingine. Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa na hakika ya jambo moja kuhusu baba yake, kwamba alinyamaza kwa sababu ya ile bunduki, na sasa hata hilo hakuwa nalo. Mlango ule hakuukumbuka vizuri. Alikumbuka kwamba ulikuwa mzito, na kwamba ulikuwa unalia ukifunguliwa.

Angélique alimletea chai. Akamsimulia yote, na yeye akasikiliza mpaka mwisho.

"Sasa utaiuza?"

"Sijui. Nimechoka kuamua mambo."

"Basi leo usiamue," Angélique akasema. "Kunywa chai."

Alikunywa nusu, akalala palepale kwenye kiti, mdomo wazi, mpaka saa kumi na moja jioni. Hawakumwamsha.

Hajaiuza. Anaendelea kusimama getini Midrand, na zamu zikimruhusu, labda mara moja katika miezi miwili, huenda klabuni na kupiga risasi kumi. Angélique huenda naye mara nyingine. Anapiga tatu, hapigi zaidi, na Nassir anasema ana jicho zuri kuliko la mumewe. Mara ya mwisho mvua iliwakuta huko, uwanja ukafungwa kabla hawajafyatua hata moja. Wakakaa chini ya paa la bati pamoja na Teixeira, wakala chipsi alizoleta kwenye karatasi, zikiwa zimeshapoa, wakiangalia maji yakiteremka kwenye tuta. Ilipopungua wakarudi nyumbani.